Bega la Fundi Rajabu

Siku ile ninaikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu, Mama Kabula, akisikia nasema hivi atanuna, lakini ndio ukweli wenyewe. Nilikuwa natoka msituni na asali yangu, nina furaha ya kurudi nyumbani, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimeshajua wivu ni kitu gani.

Kaa hapo, unywe chai. Nimesikia vijana wa hapa Kanyenye, Tabora, mnaandaa dansi la kukesha, wawili wawili, la kuchangia vitanda vya wodi ya watoto. Nimesikia pia kwamba umemkataza mchumba wako kuingia kwa sababu amepangwa na kijana mwingine, na sasa hamsemeshani. Sikukuita nikugombeze. Mtu wa mwisho wa kukugombeza kwa jambo hilo ni mimi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa kijijini Ipole, na kazi yangu ilikuwa nyuki. Ninyi mnaiona asali kwenye chupa dukani, mnadhani imetoka karibu. Sisi mizinga tuliitundika mbali sana msituni, na msimu wa kurina asali ukifika tunafunga unga, chumvi na shoka kwenye baiskeli, tunahamia kambini. Unakaa huko mpaka nguo zote zinanuka moshi. Ukirudi, mtoto wako mwenyewe anakukimbia.

Nikiwa huko ndipo Milembe, mke wangu, alipopata uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Zahanati yetu haikuwa na chumba cha kujifungulia, wanawake walipelekwa hospitali ya Sikonge, na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Aliyekubali kutoka alikuwa jirani yetu Rajabu, fundi cherehani. Alimpakia Milembe kwenye baiskeli yake, mama mkwe wangu akawa anakimbia pembeni, na hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya barabara. Tukamwita Kabula kwa sababu ya mvua ile, na ndiye huyu mwenye nyumba aliyekumiminia chai.

Niliporudi nilimpelekea Rajabu dumu la asali, nikamshukuru, nikaona yamekwisha. Wapi! Kila nilipopita barazani kwake nikaiona ile baiskeli imeegemea ukuta, kitu kilinichoma hapa kifuani. Mtu yule alimwona mwanangu kabla yangu. Alimsikia mke wangu akilia, akamtuliza. Tena alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana angekuwa mhuni ningepata pa kumshikia. Sikumwambia mtu. Milembe naye sikumwambia, nikawa nakula, nalala, narudi msituni.

Kabula alipokuwa ameshaanza kutembea, nesi wa zahanati alikuja na wazo lake. Sisi kucheza mpaka jua lichomoze si habari, mwanangu. Baada ya mavuno vikundi vya ngoma vilishindana uwanjani, watu wanahama huku na huku kumfuata anayecheza vizuri. Ila dansi la nesi lilikuwa jipya. Mnacheza mwanamume na mwanamke, mmeshikana, na miguu hairuhusiwi kusimama. Unakula unacheza, unakunywa unacheza. Usingizi ukikulemea, unalalia bega la mwenzako, naye anakubeba huku anacheza, halafu mnabadilishana. Kila jozi ilikuwa na watu walioahidi kuichangia, na kadiri wanavyodumu ndivyo mchango unavyokua. Fedha yote ilikuwa ya kujenga kile chumba cha kujifungulia.

Wanawake waliokuwa na waume zao walicheza na waume zao. Mume wa Milembe alikuwa msituni. Mke wa Rajabu alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, kusimama tu kwake ni kazi. Basi nesi akawapanga hao wawili waliobaki.

Mimi hayo yote siyajui. Naingia kijijini nasukuma baiskeli yangu, madumu mawili yamejaa, nakutana na akina mama wanatoka kisimani.

"Pole na safari, Baba Kabula," mmoja akaniambia. "Pitia uwanjani. Mkeo amelala."

"Amelala uwanjani? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala kwa Fundi."

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Sijui nilifikaje uwanjani. Nakumbuka spika mbili, jenereta linanguruma, watu wamejaa pande zote, na katikati jozi chache zilizobaki zinaburuta miguu kwenye vumbi. Nikamwona Milembe. Macho yamefumba, mdomo umeachama kidogo, shavu limelala kwenye bega la Rajabu. Mkono wa Rajabu uko mgongoni kwake, umemshika asianguke. Miguu yao inakwenda pamoja, polepole, kushoto, kulia.

Mwanangu, dansi ningelivumilia. Wangerukaruka wangecheka, ningenuna kidogo nikasahau. Ila mtu halali kwa asiyemwamini. Mimi mwenyewe, toka Kabula azaliwe, Milembe alikuwa akilala amegeukia ukuta, nikajiambia ni uchovu wa kulea. Kumbe usingizi anao. Niliona wivu mpaka masikio yakaziba, muziki nikawa siusikii. Pembeni ya uwanja mke wa Rajabu amekaa kwenye mkeka na tumbo lake, anapiga makofi! Nikamchukia naye pia kwa kutokuwa na wivu.

Nikaangusha baiskeli, nikaanza kwenda. Nilitaka kumvuta Milembe mkono, nimpeleke nyumbani mbele ya wote, wajue ana mwenyewe.

Sasa njia yangu ilipita kwenye jiko la uji wa wachezaji, na aliyekuwa anapika ni mama mkwe wangu. Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnatazama televisheni. Kwetu mwanamume hatazamani na mama mkwe wake wala hawasemezani ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja anapisha porini. Aliponiona ninakuja aligeuka, akanipa mgongo, akainamia sufuria na kuanza kuisemesha.

"Wewe sufuria," alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwangu, "kuna mtu amekuja hapa na shoka kiunoni na macho mekundu. Mwambie kwamba mwanangu hajaiba. Mwambie anacheza toka jana asubuhi, na miguu yake imevimba kwa ajili ya chumba ambacho yeye mwenyewe alikikosa. Akimvuta leo mbele ya watu, atampata, ndiyo, ni mkewe. Atampeleka nyumbani. Ila hataambiwa tena neno la maana ndani ya nyumba ile mpaka wanazeeka."

Akakoroga uji.

"Na kama mikono inamwasha," akaendelea kuiambia sufuria, "vikombe hivyo hapo. Akawalishe."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama mkwe hajibiwi. Niliweka shoka chini, nikachukua vikombe viwili. Cha Milembe nikakitia asali yangu nyeupe, ile ya kwanza kabisa, nikakoroga vizuri. Cha Rajabu nikakiacha hivyo hivyo. Nikaingia uwanjani, nikawa natembea kinyumenyume mbele yao kama mtu anayeongoza ng'ombe, nikamnywesha fundi kwanza ili nimalizane naye.

"Ahsante, kaka," Rajabu akasema, jasho linamtiririka. Akaonja. "Mbona huu hauna asali?"

"Imeisha."

"Si nayaona madumu pale?"

"Yale ya kuuza."

Kule jikoni mama mkwe akakohoa. Nikarudi, nikamtilia asali. Kidogo.

Ilipofika zamu ya Milembe, kikombe kilimgusa mdomo akafumbua macho. Alinitazama kama anayehakikisha kwamba si ndoto, na miguu yake haikusimama.

"Umerudi."

"Nimerudi."

"Una hasira."

"Sina."

"Uji unanimwagikia, Baba Kabula." Akanywa, akalamba mdomo. "Una wivu?"

Mwanangu, mimi mwanamume wa Ipole niliulizwa maneno hayo mbele ya watu, na muziki ulikuwa umepungua kidogo wakati huo, basi walio karibu wote wakasogea kusikia. Ningeweza kusema sina. Nimewasikia wanaume wengi wakisema hawana, halafu wanakwenda kupiga mtu. Lakini nilikuwa nimechoka na safari, nimeshaaibishwa na sufuria, nikaona potelea mbali.

"Ninao," nikasema. "Ninao mpaka tumbo linauma."

Watu wakapasuka kicheko. Milembe hakucheka. Usingizi wote ulimtoka, akajinyoosha mikononi mwa Rajabu, macho yakawaka.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Bibi mmoja akatoka kwenye umati, akatupia fedha kwenye kapu la nesi, akasema anataka kusikia mara ya tatu. Ndipo wakagundua mchezo wao. Kila Milembe alipoanza kusinzia, watu walipiga kelele, "Baba Kabula, una wivu na nini?" Nami nikiwa natembea kinyumenyume na kikombe changu najibu, na yeye anaamka, na kapu linajaa. Nikasema nina wivu na bega la Rajabu. Nina wivu na shati lake, maana limelaliwa. Nina wivu na baiskeli yake. Walicheka, walitupa fedha, Rajabu mwenyewe alicheka mpaka machozi, na jozi nyingine zikaangushwa na usingizi moja baada ya nyingine hadi ikabaki ya Milembe na ya mwalimu mmoja na mkewe. Nilijiona mjinga mkubwa. Ila nilimwona Milembe ananitazama, na nilikuwa nimesahau anavyotazama.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka aliponiuliza yeye mwenyewe, si watu.

"Na baiskeli, kwa nini?"

Nilitaka kutia utani. Haukuja.

"Kwa sababu ya siku ya mvua," nikasema. "Yeye alikuwepo. Mimi sikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Miguu ya Milembe ikasimama. Nesi akapuliza filimbi, mwalimu na mkewe wakashangiliwa kwa ushindi, na Rajabu, maskini wa watu, akamwachia mke wangu mkono, akaenda kuanguka kwenye mkeka karibu na mkewe. Milembe alibaki amesimama mbele yangu, anayumba.

"Nimekusubiri useme hilo toka Kabula mchanga," akasema. "Umempelekea Rajabu asali. Mimi umeniletea asali. Hujaniuliza hata siku moja ilikuwaje."

"Ilikuwaje?"

Alitaka kunijibu, akapepesuka, nikamdaka. Nyuma yangu mama mkwe akaiambia sufuria kwamba kama kuna mtu ana baiskeli, ampakie mkewe, watu wengine wana vyombo vya kuosha. Nikayafungua madumu yangu kutoka kwenye baiskeli, nikayaacha pale pale, nikampakia Milembe. Sikupanda, nilisukuma, na yeye akaanza kunisimulia. Alianzia kwenye uchungu wa kwanza, alivyoniita na mimi siko, matope yalivyoshika magurudumu, alivyodhani anakufa, alivyomsikia Kabula analia akadhani ni ndege. Nyumba yetu haikuwa mbali na uwanja. Nikazunguka njia ndefu ya mashambani ili amalize. Nililia, mwanangu, bila kugeuka. Kabla hatujafika alikuwa amenyamaza, kichwa kimeniangukia hapa begani, na nilisimama mlangoni kwangu muda mrefu nimeshika baiskeli, naogopa kumwamsha.

Chumba kilijengwa, na wadogo zake Kabula wote walizaliwa humo, nami nikiwa nje ya dirisha. Msituni niliendelea kwenda, maana tungekula nini, lakini mimba ikikomaa nilikuwa siondoki. Rajabu yu hai, mzee mwenzangu, anakuja kunisalimia kila akifika Tabora. Ninampenda kama ndugu, na nikimwona amekaa karibu na Mama Kabula nasogeza kiti changu katikati. Haijaniisha. Sidhani itaisha.

Basi nakushauri hivi. Usijione mbaya kwa kuwa na wivu, ila usiufanye amri. Ulipomwambia binti wa watu "nakukataza", ulimnyima jambo ambalo angeweza kulijibu. Nenda kwake leo, umwambie una wivu, kwa maneno hayo hayo, hata kama dada zake wanasikia na kucheka. Kisha uchimbe uone una wivu na nini hasa, maana mara nyingi si yule kijana. Mara nyingi kuna siku alikuhitaji ukawa mahali pengine, na mwingine akapita hapo. Ukiijua siku hiyo, muulize ilikuwaje, na akianza kusema usimkatize. Halafu mwache akacheze kwa ajili ya watoto wale. Wewe ndiye umpelekee uji, na yule kijana naye mtilie sukari ya kutosha.

Mungu akupe ulimi mwepesi kwa mambo yanayokuuma, mwanangu. Akupe mke wa kukuuliza mara ya pili pale utakapodanganya mara ya kwanza. Na siku atakapokuita kwa uchungu, popote utakapokuwa, Mungu akujalie uwe karibu usikie.