Upande wa Moto, Upande wa Baridi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya redio Musoma, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa taa ya mafuta, akaniambia niiwashe na niitazame vizuri. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo nikieleza vibaya mnisamehe; yeye alieleza vizuri.

Juu ya chimni palifungwa pete ya vipande vya metali za aina mbili, vimeunganishwa viwiliviwili, na kwa nje mapezi ya bati kama ya samaki. Ndani moto, nje upepo. "Umeme hautoki kwenye moto," alikuwaga anasema. "Unatoka kwenye tofauti. Pande zote zikiwa moto, huna kitu." Taa hiyo iliendesha redio bila betri, na vijiji kadhaa vya ujamaa vilipewa taa kama hizo. Nilizihudumia kwa basi na baiskeli, Bunda mpaka Butiama.

Fundi Mkuu alikuwa mkali, lakini alichosoma hakukificha. Ndiye aliyetuambia Wamarekani wametuma chombo kwenye sayari za mbali, ambako jua ni hafifu, na umeme wake unapatikana vilevile. Ila mahali pa taa kuna plutoni, metali inayojichosha yenyewe polepole na kutoa joto miaka mingi.

Jumapili moja nilitumwa kijiji cha jirani na Butiama. Redio ya kijiji ilikaa kwa Mama Magesa. Mwanawe Magesa alikuwa chuo cha ualimu, mbali, mwaka wa pili hajarudi, na jioni ile kwaya ya chuo ingeimba redioni. Redio ilikuwa inanong'ona tu, kisha inakufa.

Nilipoingia niliona sababu. Mapezi yote yalivikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kama tunavyofunika viti vyetu. Upande wa nje wa pete ulikuwa moto kama wa ndani.

"Nilikifuma mwenyewe," alisema. "Kitu cha serikali hakikai uchi sebuleni."

Sikujua nimwambieje asione aibu mbele ya majirani waliokuja kusikiliza. Nikamsimulia kile chombo. Nikasema mapezi yake yako wazi, na baridi ya huko ndiyo inayokiwezesha kuongea.

"Na mafuta anakiongezea nani?"

"Hakuna, Mama. Ile plutoni inajichosha hivyohivyo."

"Kikiongea, kuna mtu anakisikiliza?"

"Wapo, Mama. Usiku na mchana."

Akakivua kitambaa mwenyewe, taratibu, kama anamvua mtoto nguo, akajitanda mabegani. Tukaisogeza taa mlangoni. Mapezi yalipopoa, sauti ikapanda, na kwaya ikaanza. Majirani wakasema kati ya watu wengi hivyo huwezi kumjua mmoja.

Mama Magesa aliinama. "Huyo anayechelewa mwisho wa mstari," alisema. "Hata kanisani tulikuwaga tunamngoja."

Nilistaafu nikiwa fundi msaidizi, ninakaa Kigera, na taa zile zilishakwisha. Vijana mnaosoma uinjinia mnaniuliza kama niliielewa kweli fizikia ya taa hizo. Sina hakika. Jioni ile kazi yangu ilikuwa kuushika mlango usijifunge, upepo uendelee kupita, mpaka kwaya ikamaliza ubeti wa mwisho, na Magesa akamalizia nyuma yao.