Safari ya Tarbaj kwa Dada Aliyenenepa Wakati wa Ukame

Niliondoka Garissa kwa sababu shemeji yangu Dekow alinipigia simu akasema, "Njoo umchukue dada yako." Hakuulizia mifugo, hakuulizia watoto. Kwetu mtu akiruka salamu, ujue nyumba inaungua.

"Kosa lake nini?" nikamwuliza.

"Anakunywa maziwa ya watoto kwa siri."

Wallahi nilikaa chini. Dada yangu Halima ameolewa upande wa Tarbaj, mbele ya Wajir, na watoto wake wako kule. Akirudishwa kwetu, watoto wanabaki kwa baba yao. Na aibu yenyewe haina dawa. Mwizi wa ngamia kwetu anaweza hata kusifiwa na vijana, lakini mama anayewanyima watoto maziwa wakati wa ukame hana pa kuweka uso wake.

Mimi nauza na kununua mifugo hapa Garissa. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, na yote niliyo nayo nimeyapata kwa macho yangu na miguu yangu. Basi nikapakia maji, unga na tende kwenye pikapu, nikaondoka alfajiri.

Nilipopita Modogashe nilianza kuuona ukame wenyewe. Ng'ombe wamelala kando ya barabara, ngozi juu ya mifupa, wengine wakiangalia gari bila kuinua kichwa. Wanawake wenye punda walisimama wakinyoosha mitungi mitupu, nikawagawia maji mpaka pipa moja likaisha.

Habaswein nilisimama kunywa chai. Mzee mmoja aliyetoka Tarbaj akanitambua. "Wewe si kaka yake Halima? Mashallah, dada yako amenawiri! Ukame haujui njia ya nyumbani kwake." Watu wakacheka. Kwetu kumwambia mtu dada yake amenenepa ni sifa. Siku ile ilikuwa kofi. Niliacha chai mezani.

Nililala Wajir, na asubuhi nikaingia Tarbaj, kisha nikafuata njia ya vumbi mpaka bomani kwa Dekow. Jua lilikuwa limeshapanda, mtu hawezi kukanyaga mchanga bila viatu. Na Halima ameketi katikati ya jua hilo amejifunika blanketi.

"Aboowe," aliniita, maana mimi ndiye kaka yake mkubwa. Alitaka kuinuka akashindwa, akacheka kidogo kwa haya. Uso ulikuwa wa mviringo, kope zimevimba. Dada niliyemjua alikuwa anatembea kwenda kisimani na kurudi huku akiimba.

Mama yake Dekow, Mama Rukia, alitoka nje. Amekonda kama kamba ya ngozi. Vibuyu vya maziwa vya nyumba nzima alikuwa amevihamishia chini ya kitanda chake.

"Tazama, seedi," Dekow akaniambia, ndivyo tunavyoitana mashemeji. "Sisi sote mifupa. Yeye peke yake ananenepa. Mbuzi wanakamuliwa na nani? Na yeye. Niambie mwenyewe."

"Hata chakula sina hamu nacho," Halima akasema. "Nasikia baridi. Miguu kama nimefungwa mawe."

"Baridi!" Mama Rukia akadakia. "Hapa Tarbaj! Labda barafu iko ndani ya maziwa."

Wazee wa boma, waliokuwa wameketi kivulini, walikuwa wamekubaliana aape kwa Kurani jioni ile, na akikataa aondoke na mimi. Halima alikuwa anakataa. "Niape kwamba sikuwaibia watoto niliowazaa? Kiapo hicho ndicho matusi yenyewe."

Nikasema ngojeni. Nikamshika dada yangu bega, nikamshika mgongo, nikamtazama vile ninavyotazama mnyama sokoni. Wauzaji wa mbuzi wana ujanja: jioni wanamlisha mnyama chumvi, asubuhi anakunywa maji mpaka anaonekana amenona. Mtoto atamnunua. Mimi hapana. Mnyama aliyenona utamjua mgongoni. Halima mgongo ulikuwa mkavu, uvimbe uko usoni na mikononi.

"Huyu hakunona," nikasema. "Huyu amejaa maji."

"Unampima mwanamke kama mbuzi!" Mama Rukia akapiga kelele.

"Mbuzi sijakosea hata mmoja, hooyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa heshima.

Wazee wakacheka, na kicheko kikawalegeza. Tukapatana: kiapo kingoje mpaka apimwe Wajir, na Dekow aende pamoja nasi asikie kwa masikio yake.

Hospitalini Wajir tulimkuta daktari mwanamke, mpole lakini haogopi mzee. Alimpapasa Halima shingo, akamwambia ameze maji huku akimwangalia koo, akasikiliza moyo. Nikamweleza kuhusu mgongo na maji. Akambonyeza mguu kwa kidole, akaachia.

"Mzee, umepata nusu," akasema. "Ni kweli hakunona. Lakini yangekuwa maji, kidole changu kingeacha shimo."

Sikupenda, lakini nilisogeza kiti nisikie nusu iliyobaki.

"Kuna tezi hapa mbele ya shingo," akaendelea. "Inatoa homoni inayouambia mwili uwake moto kiasi gani. Njaa inaigusa. Safari ndefu, homa, huzuni, jua kali, vyote vinaigusa. Mwili ukiona dhiki unapunguza moto ili mtu aendelee kuishi."

"Kama tunavyopunguza maji ya kunywa njiani tukiona kisima kiko mbali," nikasema.

"Hivyo hivyo. Na dhiki ikiisha, moto unarudi. Kwa hiyo sisemi neno mpaka nione damu. Nikiwapima watu wote wa boma lenu leo, huenda nikakuta wengi moto umeshuka."

Damu ikapelekwa kupimwa mbali, tukakaa kwa jamaa tukingoja. Majibu yalipokuja, daktari alituketisha sote watatu.

"Ubongo unaiita tezi kwa sauti kubwa na tezi haijibu. Njaa peke yake haileti majibu kama haya. Tezi yenyewe inaumwa. Ikilala hivyo, ute mzito unajikusanya chini ya ngozi, mwili unavimba hata kama mtu hali kitu, na anasikia baridi juani."

Dekow akauliza, "Imelazwa na nini? Jini?"

"Mara nyingi ni mwili wenyewe unaishambulia. Mara nyingine ni maji. Mnakunywa ya wapi?"

"Ya kisima kirefu. Yana chumvi."

"Visima vingine vya namna hiyo vina madini joto mengi, yale yanayotiwa kwenye chumvi ya dukani. Yakiwa machache, tezi inavimba. Yakizidi sana, inaweza kulala. Sijui kama ndiyo yaliyomfanyia Halima, lakini nitaomba maji hayo yapimwe. Dawa ataanza sasa, na atakuwa anarudi kupimwa."

Dekow aliinamisha kichwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akirudia, "Astaghfirullah."

Bomani alisimama mbele ya wazee akaeleza yote mwenyewe, hakunipa mimi nafasi. Wazee wakatoa haal, yaani fidia ya heshima iliyovunjwa: mbuzi mwenye maziwa, awe mali ya Halima, asiulizwe na mtu. Mama Rukia alikuwa ametazama chini. Alirudisha vibuyu, akavipanga mbele ya mlango wa mkwewe mmoja mmoja.

Asubuhi yake Halima alimkamua yule mbuzi, polepole, blanketi mabegani. Wote tulikuwa tunaangalia. Akainuka, akampelekea Mama Rukia kibuyu.

"Kunywa wewe mwenyewe, hooyo. Watu wanakuona."

Bibi kizee alikipokea, akageuka kutaka kumpa mjukuu aliyekuwa karibu. Ndipo nilipoelewa kwa nini amekonda hivyo. Sehemu yake ya maziwa alikuwa akiwapa wajukuu, na ndiyo maana alimchukia aliyemdhani anawaibia. Alikunywa kidogo, akafuta machozi, akamrudishia kibuyu. "Na wewe kunywa."

"Ngoja kwanza," Halima akasema. "Nimemeza dawa sasa hivi. Daktari amesema maziwa baadaye, yasiizuie dawa."

Mama Rukia alishika kile kibuyu kwa mikono miwili, akaketi karibu naye, akangoja.

Nimerudi Garissa na jambo moja la kuwaambia ninyi mnaokaa na watu wa nyumbani mkiwapima kwa macho, kama nilivyofanya mimi. Macho yangu yalijua kwamba dada yangu hakuiba, lakini hayakujua anaumwa nini. Mtu akinenepa wakati wengine wanakonda, akasikia baridi wakati ninyi mnatoka jasho, msimwulize amekula nini. Mpelekeni apimwe.