Sigara Nene ya Mjomba

Mjomba wangu aliporudi kutoka Diani hakurudi na baiskeli, wala cherehani aliyomwahidi mamangu. Alirudi na sigara moja.

Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye nyumba ya ufukweni. Mzungu huyo aliposikia kwamba bendera inateremshwa na nyingine inapandishwa, alifunga masanduku, akauza nyumba, akaenda zake kwao. Siku ya kuagana alimpa mjomba mkono, na baada ya mkono akampa hiyo sigara. Mimi nikamwambia mjomba kwamba amewapikia watu samaki na mikate umri wake wote, na mwisho wake amepewa kitu cha kuchoma moto. Kofi nililopata lilinifanya nione nyota, na jua bado lilikuwa utosini.

Lakini lazima niseme ukweli juu ya sigara yenyewe. Sisi tunazojua ni zile nyembamba za dukani, za karatasi, ambazo watu huzinunua moja moja na kuzipachika sikioni. Hii haikuwa na karatasi, ila utepe mdogo wa rangi ya dhahabu kiunoni, kama mwali aliyevishwa shanga. Kilichobaki kilikuwa majani ya tumbaku matupu, yaliyoviringishwa kwa mkono wa mtu, rangi ya kumbi la nazi lililolowa. Unene wake ulikuwa wa muhogo. Simaanishi muhogo ule mchanga, namaanisha ule ambao mwenye shamba huung'oa na kuwaita majirani waje waone. Mjomba alisema imetoka Cuba. Nikaitafuta Cuba kwenye ramani ya shule, nikaiona imelala baharini kama kenge anayeota jua.

Hakuiwasha, na hapo ndipo ujanja wake ulipokuwa. Aliitia mfuko wa shati, kichwa kikachungulia nje, na kila alipotaka kusema neno aliitoa, akainusa kwanza, kisha akainyoosha kama fimbo ya imamu. Watu wakanyamaza. Mtu ambaye zamani akizungumza kuku hawakugeuka, sasa anasikilizwa hata na wenye madeni yake. Aliamua ugomvi wa mpaka wa minazi kwa kuielekeza sigara upande mmoja. Aliamua mke wa jirani arudi kwa mumewe. Nami nilipoona hivyo nikajua zamu yangu haiko mbali.

Haikuwa mbali. Mjomba alikuwa hana kazi tena, na akapata wazo la kufungua mkahawa wa chai pale Ukunda. Chai, mahamri, mbaazi. Uhuru umekuja, alisema, sasa kila Mwafrika awe tajiri wake mwenyewe, asitumwe na mtu. Maji yatatoka kisimani, kuni atanunua, ila anahitaji mtu wa kuosha vikombe. Akaitoa sigara, akainusa, akainyoosha kwangu.

Mimi nilikuwa nimebakiza darasa la mwisho.

Msomaji asiye wa kwetu atauliza babangu alikuwa wapi. Alikuwapo, amekaa kwenye kiti chake, na hakuwa na la kusema. Kwetu sisi Wadigo baba hukuzaa na kukulisha, lakini likija jambo zito mwenye mtoto ni mjomba. Siku hizi wapo wanaosema mila hiyo imechakaa na sheria ya dini ni nyingine, na babangu ni mmoja wao, ila yeye huyasema hayo akiwa peke yake na mbuzi. Mamangu naye, ambaye alisuka makuti mpaka vidole vikapasuka ili nipate karo, aliniambia kwamba huyo ni kakake, hana mdomo wa kumpinga. Nikamuuliza kama anataka niende. Akasema kazi ya kusuka haijamalizika, nimwondokee kwenye mwanga.

Basi mimi nikasema siendi. Nilisema jikoni, nikasema kisimani, nikawaambia hata watoto wadogo ambao hawakuniuliza. Nilisema Waafrika wote wanapata uhuru na mimi napelekwa Ukunda kuwa mtumwa wa vikombe. Maneno yakamfikia mjomba, kama nilivyotaka, naye akaitisha kikao cha jamaa siku ya Jumapili alasiri. Jumatatu yake shule zilikuwa zinafunguliwa.

Walikaa uani kwetu. Mjomba juu ya kiti chenye mgongo, babangu na mamangu, kaka mkubwa wa marehemu babu yangu, ambaye ndiye mzee wa nyumba, na majirani wawili waliokuja kwa sababu wamesikia kuna kahawa. Na bibi yangu, mzaa mama, juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi, maana yeye hana kikao kinachomtoa kwenye nazi yake.

Mimi na bibi tuna utani wetu, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu wa kiume. Yeye huniita mume wangu. Mimi nami humwita mke wangu, humgombeza chakula kikichelewa, na yeye hunilaumu mbele za watu kwamba sijamnunulia leso tangu nimwoe. Yalikuwa hayo tangu nikiwa natembea uchi, na hakuna aliyewahi kuyaona ni utovu wa adabu.

Mjomba alisema kwa urefu. Alisema shule humfanya mtu awe na ulimi mrefu na mikono mifupi. Alisema yeye hakusoma, lakini amekaa na Wazungu, amejua mambo ambayo vitabu havina. Kila sentensi sigara ikapanda na kushuka. Mzee wa nyumba akawa anatikisa kichwa akikubali, na nikaona jambo linakwisha hivi hivi. Nikanyoosha mkono kama darasani.

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Hiyo sigara, umeshaivuta?"

Akaniambia nikae kimya, si mahali pangu.

"Nauliza tu. Mtu akitembea na kitu mwezi mzima bila kukila, sisi wengine tunaanza kufikiri amekatazwa na mganga."

Jirani mmoja akacheka ndani ya kikombe cha kahawa. Mjomba akasema sigara ile si ya kila mtu, kwamba wanaume wazima wa pale hawaiwezi, sembuse kinda. Nikamwambia kama hakuna anayeiweza basi si sigara, ni kijiti. Hapo uso wake ukabadilika. Akainuka, akanijia, akanitia sigara mkononi.

"Haya, mwenye maneno. Ivute wewe. Uimalize hapa hapa, babako na mamako wakikuona. Ikiisha, kesho nenda shule na mimi sitatia neno tena. Ikikushinda, kesho hiyo hiyo unafuatana nami Ukunda, na sitaki kusikia habari ya kitabu."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa kupitisha alasiri. Mzee wa nyumba hakucheka. Alisema neno likitoka kwenye kikao limetoka, na akaniuliza kama nimekubali. Nikasema nimekubali kabla hajamaliza kuuliza. Mamangu akafumba macho.

Aliyeleta moto ni mamangu mwenyewe, kaa moja ndani ya kifuu cha nazi. Nikaitia sigara mdomoni, na mdomo ulinijaa kama nimepewa titi la ng'ombe. Nikaweka kaa, nikavuta. Hakukuja kitu. Nikavuta tena mpaka mashavu yakagusana kwa ndani. Hakuna moshi. Mjomba akawa anatabasamu, na nikafahamu kwamba anajua jambo. Nikaitoa, nikaitazama. Ule upande wa mdomoni ulikuwa umezibwa kwa jani kama kichwa cha uyoga, na mpishi aliyemwona Mzungu wake akiukata kwa kisu kila jioni hakuona haja ya kuniambia. Nikaung'ata, nikautema karibu na viatu vyake.

Ndipo ikawaka.

Nikavuta moshi ndani hadi tumboni, kama tulivyozoea kuvuta majani makavu ya mpapai nyuma ya choo cha shule. Lilikuwa kosa kubwa. Moshi ule haukuwa moshi, ulikuwa mtu mzima anaingia kooni na viatu vyake. Nilikohoa mpaka kofia ikaanguka. Macho yakatoka maji, na katika maji hayo nilimwona mjomba ameketi, amekunja miguu, amepumzika. Nikasema inanuka kama koti la mwalimu wetu siku ya mvua. Walicheka, na kicheko kile kikanisaidia kuvuta tena.

Nikavuta, nikasema neno la kuchekesha, nikavuta. Tatizo la sigara nene ni kwamba haipungui. Unavuta mpaka roho inataka kutoka, unaitazama, iko vile vile, ina jivu dogo tu kichwani kama mvi ya kwanza. Baadaye maneno ya kuchekesha yakaniishia. Ua mzima ukaanza kuzunguka, polepole kwanza, mimi nikiwa katikati. Jasho la baridi likanishuka mgongoni. Nikainuka, nikaenda nyuma ya migomba, nikatapika mbaazi zote za asubuhi. Niliporudi mjomba alisema nimeshindwa. Nikamwambia ulisema niimalize, hukusema nisitapike. Mzee wa nyumba akafikiri, akasema ni kweli, hilo halikusemwa. Nikakaa, nikaendelea.

Babangu ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba si lazima. Nikamwambia ni lazima. Sikumtazama, maana ningemtazama ningeiacha.

Nilipokaribia nusu mikono ilinisaliti. Vidole vilifunguka vyenyewe, sigara ikaanguka mchangani, nami nikawa nimeegemea nguzo ya jiko bila kujua nimefikaje pale. Nilisikia mjomba akiinuka. Nilimsikia akimwambia mamangu anifungie nguo zangu.

Bibi akaacha nazi. Akajifuta mikono kwenye leso, akaja, akaiokota sigara, akaipangusa mchanga. Akautoa ule utepe wa dhahabu, akanivisha kidoleni. Kisha akaigeuza.

Hapa lazima nieleze. Bibi yangu huvuta, na huvuta kama walivyovuta wanawake wengi wa rika lake: upande wenye moto huingia mdomoni, na upande wa baridi hubaki nje. Husema hivyo upepo haumwibii. Kwa sigara nyembamba za dukani nimemwona maisha yangu yote. Lakini kumwona akifungua kinywa, akilitia lile gogo la Cuba linalowaka, na kulifungia midomo bila kuungua, hata mimi niliyekuwa nakufa nilifufuka kidogo kutazama. Mapengo ya meno ndiyo yaliyompa nafasi. Moshi ukamtoka puani.

"Mama," mjomba akasema, "hiyo ni ya mtoto. Aliambiwa aimalize yeye."

Bibi akaitoa, ili apate kusema. "Mtoto yupi? Huyu ni mume wangu. Umewahi kunisikia nikimwita mtoto?"

"Mama, huo ni utani."

"Na wewe kumpa mtoto wa shule kitu kinene kama mkono wangu, akivute mpaka matumbo yamtoke, ilikuwa nini? Mimi nimekaa hapa nikaupokea utani wako, sikusema kitu. Sasa pokea wangu. Anachovuta mke, mume amevuta." Akairudisha mdomoni.

Mjomba akamgeukia mzee wa nyumba. Mzee wa nyumba alikuwa anatazama kahawa yake, kwa bidii sana.

Nami sikuweza kunyamaza, hata kwa ugonjwa ule. Nikasema, nikiwa bado nimeshika nguzo, "Tena ukihesabu vizuri, mume wa mamako ni babako. Utampeleka babako Ukunda akakuoshee vikombe?"

Majirani walivunjika mbavu. Babangu alicheka mpaka akajifunika uso, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka mbele ya shemeji yake hata siku moja. Mjomba alisimama pale, mkono wake ukapanda kwenye mfuko wa shati, kama alivyozoea. Mfuko ulikuwa mtupu. Akaanza kusema neno, jirani akalisema lake juu yake, hakuna aliyegeuka.

Bibi aliivuta hadi ikabaki kipande cha kidole gumba. Ndipo nikamwomba. Alinitazama kama anayepima nguo, akanigeuzia upande wa baridi, akanipa. Nikavuta zile pumzi za mwisho mwenyewe, nimesimama, mjomba ananiona, mpaka moto ukanichoma midomo. Nikasema sitaki siku yoyote mtu aseme kwamba aliyenirudisha shule ni mwanamke. Bibi alisikia nilivyosema hivyo na akanipiga upawa kichwani, kipigo cha mke halali.

Usiku sikula. Asubuhi sikula. Nilitembea hadi shule nikishika miti, na darasani maandishi ya ubaoni yalikuwa yanapanda na kushuka. Wenzangu wakasogea mbali nami kwa harufu. Mwalimu aliuliza nani ana mzigo wa tumbaku, nikasema ni mimi, nimetoka kwenye kikao cha jamaa, na jibu hilo lilinipatia viboko viwili ambavyo, kwa hali niliyokuwa nayo, sikuvisikia.

Kabla ya mapumziko nikamwona mjomba. Alikuwa amesimama nje ya dirisha lisilo na mbao, akiwa safarini kwenda Ukunda, ameshika kapu la vikombe vipya. Nadhani alitaka kuhakikisha kama kweli nimekuja, au kama bado niko hai. Mwalimu alikuwa ameandika hesabu ya sehemu, na akawa anauliza nani anajua jibu. Hesabu yenyewe sikuiona vizuri, na hata ningeiona nisingeijua.

Nikanyoosha mkono, juu kabisa, mpaka nikasimama. Mwalimu akanichagua. Nikasema namba ya kwanza iliyonijia, kwa sauti ya kufika dirishani. Haikuwa ile. Darasa zima likacheka, mwalimu akaniambia nikae, nami nikakaa kwenye dawati langu.

Nilipogeuka dirishani, mjomba alikuwa ameshaondoka na vikombe vyake.