Kongamano Lililokunywa Kisima

Niseme mapema, mtu asije akadhani najisifu. Kongamano la mazingira nililoliandaa mimi, lile ambalo halikuacha chupa hata moja ya plastiki chini ya mkorosho, lilimkaushia mama mmoja kisima chake miezi mitatu kabla ya mvua. Nililipanga kwa daftari na rula. Nikilikumbuka napandwa na hasira hadi leo, na nyingi ya hasira hiyo inanielekea mwenyewe.

Ilianzia kwenye vikao vya kamati, Masasi mjini. Sisi ni kikundi cha kanisa, wengi wetu walimu wastaafu, tunaofundisha wakulima kupanda miti na kuacha kuchoma mashamba. Kila mwaka tunakutana kwa siku mbili. Mwaka uliotangulia tulikutana ukumbini, tukahubiri utunzaji wa mazingira chini ya bango la plastiki, kila mtu na chupa yake ya maji mkononi. Tulipoondoka uwanja ulibaki mweupe kwa sahani za kutupa, na mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna mfuko wenye maandishi yetu. Mimi nikiwa katibu nikasema, jamani, haya ni mazingaombwe. Wakanijibu, basi mwakani panga wewe.

Nikapanga. Tungewafuata wakulima wenyewe huko juu Newala, kijijini Mnyambe. Tungekwenda wote kwa basi moja badala ya kila mkubwa na gari lake. Chupa marufuku, sahani za kutupa marufuku, biskuti za pakiti marufuku. Chai tungenywa kwenye vikombe vya bati, kwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, na bango tungelichora kwenye shuka kuukuu. Kila kifungu kilinitoa jasho. Mhazini wetu, mzee aliyenizidi umri, ndiye aliyeng'ang'ania chupa kuliko wote.

"Mwalimu, mgeni asiyewekewa chupa ya maji mezani hajapokelewa."

"Baba, mwaka jana ulibeba chupa kumi ukaenda nazo nyumbani."

"Niliwapelekea wajukuu. Ningerudi mikono mitupu, ningesema nimetoka wapi?"

Wenzangu walicheka, mimi sikucheka. Wiki tatu nilibishana na watu wazima kuhusu vikombe! Hoja zote nilishinda, na kushinda kukanilevya.

Mwenyeji wetu alikuwa mkulima wa korosho ambaye nyumba yake imepakana na kanisa la Mnyambe. Sote tulimwita Mama Pacha kwa ajili ya binti zake wawili wa darasa la sita. Alikuwa pia na mama mkwe asiyeinuka kitandani, ambaye ilibidi aogeshwe kila siku, la sivyo mgongo ungechubuka. Uani kwake kulikuwa na kisima cha saruji kinachopokea mvua kutoka kwenye bati la nyumba. Huko juu hakuna mto wa kukimbilia. Kuna maji ya mvua uliyoyahifadhi, au kuna chemchemi ya bondeni, saa nzima kuteremka na zaidi ya hapo kupanda, ndoo ikiwa kichwani.

Mwezi wa nane nilikwenda kukagua mahali. Alinipokea kwa shikamoo na kiti, nami nikafungua daftari langu.

"Na maji je, Mama Pacha?"

"Maji yapo, Mwalimu."

Nikaweka alama ya vema. Sikuuliza yapo kiasi gani, wala yalitakiwa kumfikisha lini. Mimi, mzaliwa wa Chiwata, niliyelelewa na mama aliyekuwa akituogesha watoto kwa kopo la kuhesabu! Nilipaswa kujua kwamba hakuna mwanamke wa kwetu atakayemwambia mgeni maji hayatoshi. Lakini nimefungua bomba Masasi miaka arobaini, na bomba humsahaulisha mtu.

Tulifika mwezi wa tisa, watu sitini. Nilitembea nimeinua kidevu. Sasa hebu nisikilizeni nyie mnaopanga mikutano. Chupa hutupwa, kikombe huoshwa. Sahani ya kutupa hutupwa, sahani ya bati huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa mara mbili. Watu sitini wakinywa chai asubuhi, wakala mchana, wakanywa chai jioni na kula tena usiku, wakinawa kabla na baada, kila nilichokikataa kilidai maji mahali pake. Tena wageni wangu, kwa kuwa walinyimwa chupa, kila mmoja alikisuuza kikombe upya kabla ya kunywa, kana kwamba mwenzake ana ukoma. Mhazini alisuuza mara tatu huku akinitazama. Na wote walioga, asubuhi na jioni, maana vumbi la huko ni jekundu na sisi ni watu wa mjini.

Siku ya pili mchana mwenyekiti alifunga kongamano kwa maneno matamu. Alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukapiga makofi. Nikaenda uani kuteka maji ya kusuuzia sufuria za mwisho. Nikatumbukiza ndoo, nikaisikia ikikwaruza saruji. Niliivuta, ikaja na maji ya kahawia yasiyojaza hata sufuria.

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Yatosha hayo, Mwalimu. Acha, nitasuuza mimi."

"Kisima hiki kilikuwa cha kuwafikisha lini?"

"Mpaka mvua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ningesemaje? Mlikuwa wageni."

Nilitamani aniporomoshee matusi. Hakunitukana. Alitufungia mbaazi za kwenda nazo.

Jumatatu kamati ilikaa. Mwenyekiti alikuwa anang'aa kwa furaha, akisema tumefanikiwa na mwakani turudi palepale. Nikasimama nikawaeleza habari ya kisima, nikataka tupeleke boza la maji siku hiyohiyo. Hapo ndipo nilipokaribia kupasuka. Watu walewale waliolilia chupa wakageuka walinzi wa mazingira. Mmoja akasema boza linakula dizeli nyingi kupanda ule mlima. Mhazini akavaa miwani, akafungua mwongozo nilioandika kwa mkono wangu, akanisomea polepole kwamba tutaepuka safari za magari zisizo za lazima.

"Baba, kuna mgonjwa hajaogeshwa!"

"Mimi nasoma tu, Mwalimu. Maneno ni yako."

Ilichukua siku tisa kuwashawishi. Siku zote hizo Mama Pacha na wale mabinti waliteremka bondeni kabla jua halijachomoza, wasichana wakaingia darasani na shingo zinazouma. Niliambiwa na mwalimu wao. Mama Pacha mwenyewe, kila nilipompigia simu, alisema hawajambo.

Siku ya kumi nilipanda na boza, nikiwa mbele na dereva. Tulifika mchana, nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mpira ukatumbukizwa kisimani, maji yakaanza kumiminika. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, hotuba nzima nilikuwa nayo kichwani. Mama Pacha hakuingoja. Aliteka ndoo ya kwanza kabisa ya maji yale, akaipeleka kwenye bafu la makuti, akaweka na kopo.

"Karibu uoge, Mwalimu, umechoka na safari."

"Mwogeshe bibi kwanza, nakusihi."

"Bibi ni wa hapa. Ataoga."

Niliingia. Nikajimwagia makopo manne, mikononi, usoni na miguuni, nikatoka nimebakiza zaidi ya nusu ndoo, nikiamini kwamba safari hii nimefanya jambo la maana. Alichungulia ndani, akaona maji. Uso ukambadilika. Kisima tulimkaushia akanyamaza, siku tisa za bondeni akanyamaza, lakini kwa yale maji niliyobakiza alinikasirikia waziwazi.

"Mwalimu, hukuoga."

"Yananitosha, Mama Pacha."

"Hapa kwangu mgeni haogi nusu. Rudi."

Nilirudi bafuni, mwanamke mzima wa miaka sitini na kitu, nikayamaliza yote.