Verna na Aya ya Kumi na Nne

Saa mbili kasoro asubuhi, Verna Cutlip anafungua ofisi ya wakili, anatenga kahawa, kisha analaza rula juu ya hati ya madai. Anafunika aya moja na kusoma zilizobaki. Madai yakisimama, aya ile ni pambo. Yakianguka, ni nguzo.

"Nilijifunza kwa kosa," anasema karani huyu wa miaka 57. Aliacha shule darasa la tisa, na sasa analipwa dola 15 kwa saa katika mji mdogo wa makaa ya mawe, West Virginia.

Mwaka jana lori lililofeli breki liliporomoka mlimani, likavunja baraza ya jirani yake, Bi Opal Stidham, na kumponda mbavu. Tangu hapo Bi Opal anapumua kwa mtungi wa oksijeni. Aliishtaki kampuni ya malori kwa uzembe, chini ya sheria ya jimbo, katika mahakama iliyo ng'ambo tu ya barabara.

Verna ndiye aliyechapa madai. Akamshauri bosi wake, wakili Harlan Meeks, waongeze aya ya kumi na nne: kampuni imevunja pia kanuni ya taifa ya breki. Aliona inanogesha.

Kampuni ikaidaka. Ikadai kesi sasa inagusa sheria ya taifa, ikaihamishia mahakama ya shirikisho, yaani ya taifa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Daktari alikuwa amemkataza Bi Opal safari ndefu.

"Nikifia njiani, mwanangu," Bi Opal alimwambia Verna, "nizike na hiyo aya yako."

Verna alirudi kwenye hati, akaifunika aya ile kwa rula. Madai yalisimama. Kuendesha lori lenye breki zilizochakaa ni uzembe kwa sheria ya jimbo peke yake.

Meeks alisoma hati mara mbili bila aya ile, akamwambia achape ombi la kuirudisha kesi. Hoja ilikuwa nyepesi: kutaja sheria ya taifa hakutoshi. Lazima kesi isiweze kuamuliwa bila kuigusa, na swali liwe zito kwa nchi nzima, si kwa baraza moja. Jaji wa shirikisho alikubali, akairudisha kesi nyumbani.

"Mimi nilitia saini tu," anasema Meeks.

Kesi itasikilizwa Aprili. Verna ameshaomba ruhusa siku hiyo akae karibu na jirani yake, mbele ya wananchi wa hapo mjini watakaoteuliwa kuamua kesi.

"Mteremko ule wanaujua," anasema. "Nataka wamsikie Bi Opal mwenyewe, hata kama sauti yake ni ndogo."