Mama Aliyezikwa Kwenye Wimbo wa Saba

Marehemu alibisha hodi studio saa nne asubuhi, akaomba maji ya kunywa.

Msicheke. Mimi ni fundi wa kurekodi, na nilikuwepo.

Tulikuwa tunamalizia albamu ya rapa Mzee Chuma. Miaka ishirini na tano anachana habari za bastola na jela, wakati jela yenyewe aliingia mara moja tu, kumsalimia shemeji yake. Sasa kitambi kimetangulia, mvi zimeingia, eti anatubu. Albamu nzima ya toba! Wimbo wa saba ndio uliobeba yote: analia kwamba mama yake, aliyekuwa akifua huku anaimba, amezikwa kabla hajamuomba radhi.

"Turudie," aliniambia kutoka chumba cha maiki. "Kilio hakijakaa vizuri. Nataka kile cha jana."

Ndipo hodi ikapigwa. Bibi mmoja mwembamba, mkononi bahasha ya hospitali. Akanywa maji yake, akashukuru.

"Namtafuta mwanangu," akasema, akamwonyesha Chuma kwa kidole kupitia kioo.

Wimbo ule mimi mwenyewe ulishaniliza.

Chuma akatoka amefura. "Mama, si nilikwambia kazini kwangu usije?"

"Hupokei simu, baba. Kesho saa mbili napasuliwa. Wanataka mtu wa kunisainia."

"Kesho nina mahojiano redioni. Si umwambie hata jirani?"

"Kwani nilimzaa jirani?"

Jitu zima na macheni yake likamgeuzia mgongo. Likarudi kwenye maiki, likaninong'oneza kwenye hedifoni: "Fundi, mtoe taratibu. Kikohozi chake kinaingia kwenye wimbo."

Haki ya Mungu, nilitamani kumtemea mate. Nikazima mitambo. Akatoka anatukana, akapanda gari lake, akaenda zake bila hata kumuaga mama yake.

Bibi akataka kusikia mwanawe anaimba nini. Nikajaribu kukwepa, akavuta kiti akaketi. Nikawasha mitambo tena, nikampigia wimbo wote. Alisikiliza mazishi yake bila kupepesa macho.

"Maneno mazuri," akasema. "Lakini mimi sijawahi kufua huku naimba. Huyu mama ni wa nani?"



Ni wangu. Mistari ile niliiandika mimi. Mama yangu aliniita mara tatu akiwa mgonjwa, na mara zote nilikuwa studio na huyu huyu Chuma, nikajibu nitakuja jioni. Jioni nilimkuta amefunikwa shuka. Halafu mimi, mwanamume mzima, nikachukua majuto yangu nikamuuzia mtu ambaye mama yake yu hai, wala sikuuliza. Kwa hiyo nikimcheka Chuma, najicheka mwenyewe kwanza.

Kesho yake mwenzetu alikuwa redioni, analia vizuri kabisa. Mimi nilikuwa hospitali, kalamu mkononi.

"Wewe ni nani wake?" karani akauliza.

Bibi akanitangulia: "Andika mwanangu."

Nikasaini. Nililia, na hakuna aliyenirekodi.

Jamani, maiki haisamehe mtu. Uliyemkosea unamjua, na anapoishi unapajua, nenda. Na kama mama yako anakupigia sasa hivi, wewe unaacha iite ili umalize kusoma huu upuuzi wangu, hebu niambie, umemzidi nini Chuma?