Kazi Aliyoifunga Editha

Wasiwasi wa Editha ulikuwa wa kuzaliwa nao. Hata sufuria akiibandika jikoni, lazima arudi mara mbili kuitazama. Basi kiwanda cha nguo kilipouzwa kwa mwekezaji, na majirani zake wa mtaa wa Mafiga wakaanza kupunguzwa kazi, usingizi ukamruka kabisa.

Yeye ndiye aliyeisimamia kompyuta ya chumba cha rangi kiwandani humo. Ilisoma joto la pipa la kutilia nguo rangi, ikapiga na hesabu za ghala. Ndani ilikuwa na prosesa mbili, yaani bongo mbili za kufanyia kazi, na mfumo wenyewe ndio uliogawa kazi. Kwa kawaida kazi hurudishwa kwenye prosesa ileile iliyoianza, maana vitu vyake bado viko karibu, kama mpishi kwenye jiko alilolizoea. Lakini prosesa hiyo ikielemewa, mfumo huihamishia kazi hiyo kwenye prosesa nyingine. Kuhamahama huko ndiko kulikomtia Editha kiwewe. Akaifunga kazi ya joto kwenye prosesa ya pili, isitoke. Ikaenda vizuri. Jamani, si angeishia hapo! Siku meneja, Bwana Nikunj, alipokuja kutazama oda ya kwanza ya mashuka mekundu, Editha kwa hofu yake akazifunga na hesabu za ghala hukohuko, eti vyote vitulie.

Hesabu zikaijaza prosesa ya pili, ya kwanza imekaa bure. Namba ya joto kwenye skrini ikaganda ikiwa bado chini. Rogers, fundi wa pipa, akaitegemea namba hiyo na kuzidi kufungulia mvuke. Mashuka yakatoka rangi ya matope.

"Umeunguza mzigo wote, Rogers," alisema Nikunj. "Nenda nyumbani."

Editha aliitazama namba iliyoganda, akaelewa. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Rogers alikuwa ameshaanza kuvua aproni.

"Bosi, si yeye, ni mimi. Nimezifunga kazi zote mahali pamoja, ya joto ikakosa pa kukimbilia."

Akaifungua kazi ya joto mbele yao. Namba ikaruka palepale.

Nikunj akamgeukia Editha. "Nani mwingine hapa anajua kufanya hivyo?"

"Hakuna, bosi. Ni mimi tu."

Moyo ukaanza kumtulia. Hawezi kunifukuza, akajiambia.

"Basi hilo nalo ni kosa," akasema Nikunj. "Rogers, vaa aproni yako. Dada Editha, kuanzia kesho mfundishe kila kitu."

"Ahsante sana, dada Editha," Rogers akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Editha akaitikia, akijua kwamba Rogers akishajua kila kitu, hata yeye ataweza kufukuzwa.